Kigingi Namba Tisa

Nisiwafiche, siku ile niliomba mvua inyeshe mpaka mlima uyeyuke. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa amepiga magoti akichimba kwa jembe dogo, na mimi nilijua vizuri sana atakachokipata.

Kazini tulimwita Bi Mraba. Miaka ishirini na mmoja amepanda kwenye nyanda za nyasi za hifadhi, juu kabisa, analaza fremu ya mbao ya mraba kando ya kila kigingi cha chuma na kuhesabu kilichoota ndani yake. Hesabu hizo ndizo zinazochora ramani: hapa nyasi zinashika, hapa zinakufa. Mkuu mmoja wa hifadhi aliwahi kumwambia akadirie tu. Weee! Alimpigisha magoti papo hapo, wakahesabu wote hadi yule bwana akaomba poo.

Sasa mkuu mpya alitaka kuweka mahema ya wageni kwenye uwanda wa kigingi namba tisa, kwa kuwa ramani ilionyesha nyasi zake zimepona. Kikao kilikuwa kesho. Asubuhi hiyo Bi Mraba alitandaza picha za zamani na za sasa mezani, akaona jambo: jiwe kubwa lililokuwa kushoto mwa kigingi sasa liko kulia. Akachukua jembe. "Twende," akaniambia.

"Shemeji, ukungu unashuka, tutapotea," nilimwambia kule juu.

"Potea wewe."

Jembe likagonga chuma. Akafukua kwa vidole, akafuta udongo, namba tisa ikatokea. Kigingi tulichokuwa tukipimia kilikuwa hatua kumi na moja kutoka pale, penye maji yanayochuruzika, ambapo nyasi hunenepa hata ukizikanyaga. Pale alipopiga magoti yeye, ardhi ilikuwa kipara.

"Ulijua?"

Nilijua, ndiyo. Miaka sita nyuma alikuwa amelazwa hospitali, nikapanda peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito, baridi ilinitoa machozi, kigingi sikukiona. Nikapigilia kipya palipokuwa laini, nikashuka kunywa chai. Nikamwambia nimekipata. Baadaye nikaona aibu kusema, na kila mwaka aibu ikazidi kunenepa.

Nilimwambia yote. Alikaa chini, akajishika kichwa. Nilitamani anitukane, basi tu, moyo upoe. Hakunitukana.

"Kesho utasema mwenyewe," akasema. Nikaapa nitasema.

Chumba cha mikutano kilikuwa na viti saba na feni inayolia. Bi Mraba alibandika ramani ukutani, akakata uwanda ule kwa kalamu nyekundu. "Hesabu za miaka sita hapa ni za uongo. Nyasi zinakufa. Mkiweka mahema, mwakani mtapiga picha vumbi."

Mkuu uso ukamwiva. Mahema yakafutwa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini alikuwa ameshawaahidi watu, na alitaka mtu wa kumbebesha aibu hiyo.

"Nani aliyehamisha kigingi?"

Bi Mraba aliweka kalamu mezani. Alinigeukia, akanitazama tu. Niliwaza mke wangu, ada za watoto, macho ya wale watu. Nikainama nikachunguza mbao za meza kana kwamba ndiyo kwanza naziona. Feni ikalia, ikalia.

"Andika jina langu," akamwambia karani. "Sahihi kwenye hesabu hizo ni yangu."

Wakamtoa mlimani siku hiyo hiyo, wakampeleka stoo kugawa buti na makoti ya mvua. Nilimkimbilia kwenye korido, nikamshika mkono, huku nalia, sioni haya kusema.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa nataka kusema, haki ya Mungu. Ungenisubiri kidogo tu."

Akautoa mkono wake taratibu.

"Nilikusubiri," akasema. "Nilihesabu mpaka sitini."