Mkono wa Kushoto wa Fundi Kaza

Mtaani wanamwita Kaza, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Nati ikishapita mkononi mwa mume wangu, atakayeifungua ni yeye tu. Pikipiki alizotengeneza hazidondoshi hata skrubu moja njiani, na wateja wanamsifu kwa hilo. Wanaomsifu hawaishi naye. Mimi ndiye ninayebaki na chupa ya asali isiyofunguka mpaka arudi kutoka kazini. Nimewahi kunywa chai bila sukari huku kopo la sukari liko mbele yangu, limefungwa kama benki.

Siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, bomba la jikoni kwa mama lilikuwa linadondosha tone moja moja. Kijana wa watu akataka kujipendekeza. "Mama, hilo ni la kukaza tu," akasema, akalikaza. Likabaki mkononi mwake, maji yakaruka mpaka darini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini yale tuliyazoa, kwa ndoo, na mimi nimevaa nguo niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Mama yangu ni mkunga, hana makelele. Hakumgombeza, alimpa taulo. Lakini tangu siku ile, tukienda kwake na mkwe akitaka kunawa, mama huinuka mwenyewe na jagi na beseni, akammiminia maji pale pale sebuleni. "Kaa tu, baba, wewe ni mgeni." Watoto wetu wameanza shule na baba yao bado ni mgeni. Hutoa ile mikono yake mikubwa, akanawa, na mimi ninayemjua najua inamuuma.

Basi mwaka huu mama akafanyiwa upasuaji wa macho. Wajawazito wake huwafuata kwa pikipiki, tena pikipiki ya zamani, na daktari akamwambia hataki kusikia habari ya upepo na vumbi machoni. Aweke kioo cha mbele, au aachane na pikipiki. Kumwambia mama aachane na pikipiki ni kumwambia akae nyumbani angoje uzee, na yeye uzee hajaupa miadi. Kaka yangu akahangaika mpaka akapata kioo kinachoingia kwenye pikipiki ile. Aliyemuuzia alisema ndicho cha mwisho, havitengenezwi tena.

Tunakiita kioo, lakini ni plastiki ngumu inayoonyesha ng'ambo. Ukiikaza kupita kiasi inapasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu, na ufa ukishaanza hausikii la mtu. Mume wangu anajua vizuri. Alishapasua viwili vya wateja, na tangu hapo kila anayekuja na kioo humwelekeza kwa fundi jirani.

"Si umpeleke na mama kwa jirani?" nikamwambia.

"Mama mkwe wangu afungiwe kioo na jirani, mimi nimekaa natazama? Bora tuhame mtaa."

Tukaanza mazoezi. Nasema "tukaanza" kwa sababu mifuniko ilikuwa yangu. Alichukua mfuniko wa ndoo ya plastiki, akautoboa, akaufunga kwenye ubao kwa skrubu. Ta! Ukapasuka. Akachukua mwingine. Na si kwamba hakujua kazi. Alijua uweke washa ya mpira, kile kipete laini, kila upande, uanzishe skrubu zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha ukaze kidogo hapa, kidogo kule mkabala wake, na mpira ukianza kubonyea tu, uache. Kichwa kilijua yote hayo. Mkono wa kulia haukuwa na habari.

Tulipobakiwa na mfuniko mmoja nyumba nzima, nikakasirika kweli. "Hebu tumia mkono uliobebea watoto!" Maana watoto wetu wakiwa wachanga aliwabeba kwa mkono wa kushoto, wa kulia aliuogopa mwenyewe. Akaniangalia, kisha akahamisha bisibisi. Mkono wa kushoto ulitetemeka, ukateleza, ukachoka mapema. Mfuniko ukabaki mzima.

Mama alipoleta pikipiki karakana, alikaa kwenye benchi na miwani yake myeusi, mkoba mapajani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mume wangu alipofungua tu sanduku la vyombo, mama akaushika mkoba kwa mikono miwili. Kioo kikakaa mahali pake, skrubu nne zikaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Kisha akachukua bisibisi kwa mkono wa kushoto.

Mama akakunja uso. Yeye kwa mkono wa kushoto hapokei hata kadi ya kliniki.

"Baba, kazi yangu ndiyo unaifanya kwa kushoto?"

Nikafungua mdomo nimtetee, mume wangu akaniwahi. Alikuwa amechuchumaa, jasho limemjaa puani.

"Nisamehe, mama. Wa kulia ndio uliovunja bomba."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitaja bomba lile mbele ya mama. Mama akamtazama mkwewe, akaniangalia mimi, akamtazama tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi, ingawa daktari alishamkataza kufikicha macho.

"Endelea," akasema. "Endelea na huo huo."

Akaendelea, kidogo hapa, kidogo kule, taratibu hadi mimi nikataka kumnyang'anya bisibisi. Alipomaliza, mama akainuka, akakigusa kioo kwa kidole. Kikatikisika.

"Mbona kinacheza?"

Niliuona mkono wa kulia wa mume wangu ukiinuka wenyewe kutoka gotini. Moyo ukanipasuka kabla ya kioo. Akausimamisha hewani, akautia mfukoni.

"Kiache kicheze, mama. Kikibanwa ndiyo kinapasuka."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyezalisha nusu ya mtaa anajua kuna vitu havitaki nguvu. Akavaa kofia yake ngumu, akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga, kama kawaida yake akiwa amefurahi.

Wiki kadhaa baadaye tukaenda kumtembelea. Pikipiki ilikuwa mlangoni, kioo kimejaa vumbi na wadudu waliokufa. Mume wangu alikikagua tundu kwa tundu kabla hata ya kumsalimia mama. Hakikuwa na ufa.

Chakula kikawekwa mezani. Nikangoja jagi na beseni. Mama alikuwa anapanga sahani, na wala hakugeuka.

"Nenda kanawe, baba. Bomba unalijua lilipo."

Mume wangu akaniangalia. Nikajifanya natafuta kijiko, maana machozi yalikuwa karibu. Akaenda. Tukasikia maji yakifunguliwa, yakatoka muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji, kisha yakafungwa. Likafuata tone. Halafu lingine. Mama akaacha sahani, mimi nikaacha kijiko, tukasikiliza. Tone jingine likaanguka.

Akatoka jikoni, mkono wa kulia umo mfukoni, unalowanisha suruali.