Nilijaza Vipimo vya Maji vya Dada Yangu Bila Kupima

Naomba jina langu lisionekane. Nina miaka kumi na saba, niko Form Four, na ninaishi Soweto West, Kibera, pamoja na mama na dada yangu mkubwa. Dada hafuati ukurasa huu, ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Mwaka huu dada ameanza PhD. Anachunguza kama maji tunayouziwa kwa mitungi bado yana dawa ya kuua viini yakitufikia. Mama huwaambia wenzake kanisani, "Wangu atakuwa daktari, lakini si wa sindano." Lakini miezi michache tu na dada akavunjika moyo. Msimamizi wake alimrudishia pendekezo la utafiti mara mbili, akisema hakuna jipya. Dada akawa anaketi mbele ya laptop iliyofungwa. "Wacha nirudi tu kufundisha," alisema. Niliumia, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nipende sayansi.

Nikajitolea kumsaidia na vipimo vya kwanza. Kila jioni nikitoka shule nilipita vituo vya maji, nikachovya karatasi ya kupimia dawa hiyo, nikalinganisha rangi, nikaandika nambari kwenye daftari. Siku ya nne, mtaani Laini Saba kando ya reli, mama mmoja muuza maji alinipigia kelele mbele ya watu: "Wewe kasichana, umetumwa na kanjo, hao askari wa jiji? Mnataka tufungiwe maji?" Mwanamume mmoja akadakia, "Si mnaona hiyo miwani? Huyo ni mpelelezi!" Wakacheka wote. Mimi ni mtu ambaye hata kuinua mkono darasani naogopa. Nilifunga daftari nikaondoka.

Kesho yake sikurudi. Niliketi nyuma ya kanisa nikajaza daftari kwa kubuni. Nilifanya hivyo siku sita. Na kwa hasira, nambari zote za Laini Saba niliziandika za chini, karibu na sufuri.

Dada alipozichora kwenye laptop, aliruka, akaniita kwa jina la utani alilonipa. "Prof, kuja uone! Mbona dawa inapotea upande huu tu? Kuna kitu hapa, nakwambia!" Alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Tangu siku hiyo anaamka akiimba. Anasoma, anaandika, anasahau hata chai. Msimamizi amemwambia, "Sasa umepata swali." Keshokutwa anawasilisha matokeo hayo mbele ya walimu wake, na ameandika ukurasa wa kunishukuru.

Nikinyamaza, watagundua siku moja, na atakayeitwa tapeli ni yeye. Huenda hata yule mama akafungiwa maji kweli, kwa hasira yangu. Nikisema, nitamnyang'anya kitu pekee kilichomwamsha. Na je, akiacha kabisa?

Leo asubuhi aliniuliza, "Karatasi zilibaki? Nataka nikapime tena Laini Saba mwenyewe kabla sijawasilisha." Nikamwambia ziliisha. Si kweli. Pakiti nzima haijafunguliwa, iko chini ya vitabu ndani ya mkoba wangu.

Nyinyi ni wengi na mmepitia mengi. Dada anafika nyumbani saa kumi na moja. Nimpe ile pakiti? Na nikishampa, nianze na neno gani?