Fomu ya Oliva, Kutoka Uyole Hadi Ilula

Nilikwenda Iringa kufundisha walimu wenzangu, lakini mwenyewe nilikuwa na kosa la kurekebisha, na dirisha la kulirekebisha lilikuwa limebakiza siku tisa.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na pia mwalimu wa malezi katika shule moja ya wasichana jirani na Uyole, Mbeya. Kila mwaka maombi ya mikopo ya elimu ya juu yanapofunguliwa, wasichana waliomaliza kidato cha sita hunijia na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, nami huwasaidia kujaza. Kwa ajili hiyo nikaalikwa kuwa mmoja wa wawezeshaji wa mafunzo ya siku mbili mjini Iringa, ya walimu na walezi wanaowashauri wanafunzi kuhusu mikopo ya vyuo. Barua ilinisifu, ikasema nina uzoefu. Niliitia kwenye droo bila kumwonyesha mtu, kwa sababu uzoefu wangu wa karibuni uliitwa Oliva.

Oliva kwao ni Ilula, mkoani Iringa, akapangiwa kidato cha tano kwetu. Mwaka uliotangulia tulikaa naye wawili mbele ya kompyuta ya shule. Fomu iliuliza kama wazazi wake wako hai. Akasema wako hai, nikabofya, tukaendelea. Mkopo haukutoka, na nafasi aliyopewa chuoni ikapotea. Baadaye rafiki yake ndiye aliyeniambia kwamba baba na mama yake walifariki angali mdogo, na kwamba yule anayemwita baba ni baba yake mdogo, Gaudensi, mkulima wa nyanya.

Yatima hupewa kipaumbele cha mkopo, kwa hiyo nilimpigia simu nikiwa nimekasirika. Hasira iliisha alipojibu. Alisema, "Madam, nikijiandika yatima, baba ataona kwamba miaka yote hii sikumhesabu."

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na kwetu pia mtoto aliyelelewa na ndugu wa baba haitwi yatima. Kumwita hivyo ni kumtukana aliyemlea. Ndiyo maana hata mimi sikuwa nimemuuliza zaidi. Adabu yangu ilimgharimu mwaka mzima, na sasa wa pili ulikuwa unaelekea kule kule.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Uyole, nimejifunga kitenge juu ya koti, kwa maana Julai ya Mbeya haina mzaha. Mume wangu alinifungia viazi vya kuchemsha na kunikumbusha kwamba Iringa nako kuna chakula. Nilimwambia viazi vya Iringa siviamini.

Saa tatu tulipita Makambako, upepo ukisukuma vumbi barabarani. Nyololo basi lilisimama kushusha abiria wanaoelekea ndani Mufindi. Wauzaji walikuja madirishani na mahindi ya kuchoma, nikanunua moja, kisha nikampigia Oliva kumwambia kwamba nikimaliza mafunzo nitafika kwao. Akasema nikaribie sana, lakini nisimwambie baba habari ya fomu. Hindi lile lilipoa mkononi mwangu mpaka Mafinga.

Mchana tuliingia Iringa. Stendi iko bondeni na mji uko juu kilimani, hivyo unapanda kwa bajaji huku umekumbatia begi. Mwenyeji wangu, Mwalimu Mbilinyi, alikuwa ananisubiri kwenye ukumbi wa kanisa tuliokodishiwa. Ni mama mfupi, mtaratibu, anayefundisha sekondari moja ya hapo mjini na kuimba kwaya. Alinipa chai kabla ya kuniuliza habari za safari, nikampenda papo hapo.

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya walimu na walezi wapatao arobaini. Niliwaeleza habari ya vyeti vya kuzaliwa vinavyotakiwa kuhakikiwa mapema, mdhamini, saini ya serikali ya kijiji. Waliandika kwa bidii. Nilipofika kwenye kipengele cha wazazi, nikafunga daftari. Nilikuwa nimepanga kupita haraka. Badala yake nikawasimulia habari ya Oliva, bila kumtaja jina, na nikasema aliyebofya ni mimi.

Hakuna aliyenicheka. Mwalimu mmoja wa Kilolo alisema amewahi kufanya hivyo hivyo, na kwa wanafunzi watatu. Mwingine akasema, "Sasa mtoto wa watu utamuuliza vipi? Utamwambia, eti wewe, wazazi wako wamekufa?"

Ndipo Mwalimu Mbilinyi aliponyanyuka na kikombe chake mkononi.

"Mimi siulizi kama wazazi wako hai," alisema. "Namuuliza, Novemba, siku ya marehemu, nyumbani mnawasha mishumaa kwenye makaburi ya nani? Atakutajia wote, na wala haoni aibu. Kuwasha mshumaa ni heshima."

Sisi Wamoraviani hatuna mishumaa ya Novemba, lakini alfajiri ya Pasaka tunasimama makaburini tukiimba, na kila mtu anajua amesimama kwenye kaburi la nani. Miaka kumi na miwili nimekuwa mwalimu wa malezi na swali hilo halikuwahi kunijia. Niliona wivu kidogo, nakiri, kisha nikaliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Siku ya pili tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mwanafunzi, mwingine mshauri, na fomu za mazoezi mezani. Mlezi mmoja mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, aliulizwa swali la mishumaa, akataja mama yake, akaomba atoke nje kidogo. Tulimsubiri, akarudi, tukaendelea.

Asubuhi ya siku ya tatu nilipanda gari la Ilula. Mwalimu Mbilinyi alinisindikiza mpaka stendi akaniambia nisifike kama karani, nifike kama mgeni. Ilula matenga ya nyanya yamepangwa kandokando ya barabara, na abiria hununua bila kushuka garini. Oliva alinipokea akiwa na koti la shule yetu, lililoanza kuchakaa mikono. Alikuwa amekonda.

Nyumbani kwao ni mwendo mfupi kutoka lami. Gaudensi alitoka shambani akafuta mikono kwenye suruali. "Kamwene, mwalimu," alinisalimu kwa Kihehe, nami nikajibu Kamwene yangu ya kubabaisha, akacheka. Mkewe alituandalia ugali na kuku, na haikusemwa habari ya fomu mpaka tuliponawa.

Yeye ndiye aliyeanza. Alisema anajua kwa nini mtoto alikosa mkopo: ni kwa sababu yeye ni mkulima tu, hana jina. Mwaka mzima amekuwa akilibeba hilo. Niliona Oliva ameinamisha kichwa. Sikuwa tayari kuwaacha hawa wawili waendelee kulindana mpaka dirisha lifungwe.

"Baba Oliva," nikasema, "Novemba hapa mnawasha mishumaa kwenye makaburi ya nani?"

Hakushangaa hata kidogo. Akaonyesha kwa kidevu kuelekea migombani. "Kaka yangu na mke wake. Anayewasha ni Oliva mwenyewe, tangu ana miaka sita."

Nikamweleza basi fomu inauliza nini, na kwamba mwaka jana hatukujibu sawasawa, kosa likiwa langu. Nikamweleza na alichokihofia binti yake. Gaudensi akainuka. Kisha akaingia chumbani, tukasikia sanduku likiburutwa. Alirudi na mfuko wa nailoni, ndani yake gazeti la zamani, ndani ya gazeti vyeti viwili vya vifo, safi kama vimetoka jana.

"Nilivifuatilia mwaka ule ule tuliozika," alisema. "Nikavificha, asije akavikuta akajiona si wa hapa."

Oliva alilia. Mama mdogo naye akalia, nami nikatafuta leso ambayo nilijua kabisa niliisahau Iringa. Nimeshafurahi mara nyingi maishani, lakini wepesi ule wa mabega sijawahi kuupata tena.

Nilitoa fomu ya mazoezi tukajaza hapo hapo kwa penseli, ili wauone mpangilio wote. Majina ya marehemu yakakaa mahali pake. Tukafika kwa mdhamini, jina la Gaudensi likaandikwa. Fomu ikauliza uhusiano wake na mwombaji. Oliva akaandika: baba.

Gaudensi alikuwa anasoma juu ya bega lake. "Ongeza mdogo," alimwambia polepole. "Kaka yangu yuko pale juu, tusimchukulie nafasi yake."

Akaongeza. Jioni ile tulikwenda steshenari ya barabarani, tukatuma vyeti kuhakikiwa.

Nilirudi Mbeya kesho yake na tenga la nyanya ambalo kondakta alilitoza nauli na mume wangu alilipokea kwa heshima zaidi kuliko mimi. Siku nne baadaye, dirisha likiwa halijafungwa, Oliva aliniandikia kwamba majibu ya vyeti yamekuja, fomu imesainiwa, maombi yamepokelewa. Nililala mchana ule kama mtoto.

Siku hizi kwenye ofisi yangu wasichana huanza na swali la Pasaka, kwamba husimama kwenye kaburi la nani, ndipo tunafungua kompyuta. Novemba ilipoingia Oliva alipiga simu kutoka chuoni. Mkopo umetoka, ana rafiki wawili, chakula si kibaya. Tatizo lake lilikuwa moja tu: ni siku ya marehemu na yuko mbali. Amempigia baba yake, na baba ameahidi kumwashia mishumaa yote miwili.