Jicho la Mama Ugenini

Mama yangu hakuwahi kunichapa mbele ya watu. Hakuwa na haja, alikuwa na jicho. Tukienda ugenini, iwe hapo hapo Mjimwema, Njombe, tulipokulia au kwa ndugu zetu vijijini, alisimama kwanza nje ya mlango, akatuwekea kola sawa, akasema, "Mtaniangalia." Basi. Mwenye nyumba akileta viazi na njegere, sisi watoto hatukutazama sahani, tulimtazama mama. Akishusha kope kidogo, unakula. Akikaza jicho, unasema ahsante nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka jirani anasikia. Na mimi njaa ilikuwa hainiishi, maana baridi ya Njombe inamaliza chakula tumboni upesi.

Tulisifiwa sana. Akina mama wa kanisani walisema watoto wa yule wana adabu, na mama akajifanya hasikii huku shingo imenyooka. Kwa hiyo nilipozaa binti, nikiwa nimeshahamia Makambako nauza masweta ya mitumba sokoni, sikujiuliza chochote. Nilimpa jicho lile lile. Alilishika haraka kuliko nilivyolishika mimi. Alipokuwa na miaka mitano, mteja angeweza kumpa andazi la moto, naye akalishika tu mkononi, ananitazama, anasubiri. Watu walishangaa. Nisiseme uongo, kichwa kilinivimba.

Alipotimiza sita, asubuhi moja nikaona usaha kwenye mto wake. Sikio. Nikambeba mbiombio mpaka zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu mpaka akaniudhi, maana meza yangu sokoni nilikuwa nimemwachia jirani.

"Sikio linauma tangu lini, binti?" akamuuliza.

Mtoto akanigeukia.

"Tangu jana," nikasema.

"Nimemuuliza yeye, mama."

Akamuuliza tena, na mtoto akanigeukia tena, macho yanazunguka usoni kwangu, anatafuta jibu. Hapo daktari akaniomba nisimame nyuma ya kiti cha mtoto, asinione. Nikasimama nimenuna. Nilitaka kusema huyu mtoto ana aibu tu, nikajizuia. Daktari akamsubiri. Kisha nikasikia kisauti chake.

"Tangu siku ya wageni."

Siku ya wageni ilikuwa Jumapili ya wiki iliyopita.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nilimwangalia. Akanitolea macho."

Nikakumbuka. Nilikuwa nawamiminia chai wazee wa kanisa, akaja amejishika shavu, nikadhani anataka mkate wa wageni. Nikamkazia jicho, akarudi chumbani. Siku zote zile mtoto wangu alilala na maumivu kwa sababu uso wangu haukumruhusu kuumwa. Daktari hakunisema. Aliandika dawa, akatuambia turudi baada ya wiki. Afadhali angenisema.

Nilimkasirikia mama yangu siku kadhaa, halafu nikajikasirikia mwenyewe, halafu nikachoka. Kilichonitisha kilikuja baadaye, sikio lilipokuwa limeanza kupona. Nilimuuliza, "Una njaa?" Akasema, "Sijui," na macho yake usoni kwangu. Alikuwa hadanganyi. Nami miaka yote nilidhani namfundisha kujizuia. Kumbe ili ujizuie lazima kwanza ujue unazuia nini. Mtoto hazaliwi akijua kwamba hii ni njaa, hii ni hofu, hii ni hasira. Anayajua kwa kuulizwa, kisha kusubiriwa ajibu, na mimi sikuwahi kumsubiri. Niliogopa. Nilimwona ameshakuwa msichana mkubwa, mbele ya mtu yeyote mwenye sauti nzito, anatafuta usoni mwa mtu huyo kama kinachomuuma kinamuuma kweli.

Basi tukaanza upya, na mimi subira sina. Kila asubuhi nilimuuliza, "Chai au uji?" kisha nampa mgongo, nachochea jiko la mkaa hata kama halihitaji kuchochewa. Siku za mwanzo hakuna jibu. Alizunguka jiko ili anione uso, nami nikazunguka upande wa pili. Ungetuona ungecheka. Siku zingine nilishindwa, nikamimina chai mwenyewe kwa hasira, nikaondoka. Mpaka asubuhi moja, nyuma yangu, nikasikia, "Uji. Na usiwe na tangawizi." Nililia pale pale jikoni, nikasingizia moshi.

Krismasi tukaenda Mjimwema kwa mama. Amezeeka, miguu inamsumbua, lakini jicho halijazeeka. Sebuleni walikuwepo akina mama wawili wa kwaya, wenzake wa zamani. Tulisalimia, binti akatoa shikamoo zake vizuri, tukala. Sahani za watoto ni ndogo kwa mama, ndivyo ilivyo tangu enzi zetu. Binti akamaliza.

"Umeshiba, eh?" mama akamuuliza, na jicho likakaa.

Nilimwona mtoto akiliona. Analijua, amelinyonya kwangu.

"Bado, Bibi. Naomba kiazi kingine."

Kijiko cha mmoja wa wageni kilisimama hewani. Mama alinigeukia mimi, polepole, na jicho lile lile. Na binti akanigeukia pia, ananisoma uso kama zamani. Nikajua nikishusha macho sasa hivi, asubuhi zote zile za jikoni zimekwenda na maji. Nina miaka thelathini na minane, nina meza yangu sokoni, na bado namwogopa mama.

"Hajashiba, mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Nikavuta bakuli. Nikamwekea binti viazi viwili, na njegere, bila kumtazama mtu. Halafu mwiko ukiwa bado mkononi nikavuta sahani yangu na mimi nikajiongezea, kwa sababu nilikuwa na njaa.