Hiyo Si "Si"

Nilibonyeza nota moja kwenye kinanda, nikaishikilia kwa dakika moja na nusu, na baba yangu akatoka chumbani mbio na ndoo ya maji.

Alidhani ni king'ora. Alidhani nyumba inaungua.

"Moto uko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna moto, baba, huu ni muziki. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akairudisha bafuni bila neno. Mzee wangu ana namna ya kunyamaza ambayo ni afadhali akutukane.

Msicheke kwanza. Niwape habari tangu mwanzo, halafu mtacheka mkiwa na sababu.

Mimi ni fundi wa friji, naishi na baba, na napenda muziki wa filamu kupita kiasi. Wenzangu wanaangalia nani anampiga nani, mimi nasikiliza matarumbeta yanayolia nyuma ya hizo ngumi. Filamu ikiisha kila mtu anainuka, mimi nabaki nasoma majina mpaka la mwisho. Kule karakana wananiita Bwana Majina.

Ugonjwa huu nakumbuka siku uliponianza. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa sakafuni mbele ya televisheni, mama yuko nyuma yangu anapiga pasi. Kwenye filamu kijana anaagana na mama yake stesheni. Treni inaondoka, mama mtu anabaki anapunga mkono.

Hapo ukaingia wimbo. Taratibu, mwembamba, kama mtu anayejisemea peke yake.

Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Miezi mitatu baadaye mama yangu akafariki. Baba akaigawa televisheni, redio akaifungia kabatini, na tangu hapo kwetu anayetaka muziki aende kwa jirani. Alisema muziki ni kelele za watu wasio na kazi.

Mimi nikabaki na ule wimbo. Huo ndio uliokuwa urithi wangu. Nikiuimba kichwani namwona mama na pasi yake, waziwazi kabisa.

Shida ni kwamba miaka ilivyokwenda ukaanza kunitoroka. Mwanzo ninao. Mwisho ninao. Katikati pana shimo. Kila nikifika pale, kimya. Nilijionea aibu, na niliogopa pia. Mtu akishaanza kusahau wimbo wa mama yake, kesho atasahau nini? Uso wake?

Nikaitafuta ile filamu. Muuza CD wa kona akanipatia. Nikaiweka, nikaisogeza mpaka stesheni.

Sauti hamna. Treni inaondoka, mama mtu anapunga, wimbo haupo.

Nikairudisha, akanipa nyingine. Vilevile. Akanipa ya tatu. Vilevile! Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anauza takataka. Aliapa kwa kila kitu anachokijua kwamba zote ni nzima. Hata salamu zikaisha kati yetu.

Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikaagiza mtandaoni kitabu cha nota za filamu ile, niupate wimbo kwenye chanzo chake.

Kikaja, nikakifungua. Ndugu zangu, niliona sisimizi waliokufia kwenye kamba za kuanikia nguo.

Mtaa wa nyuma anaishi mwalimu wa kwaya mstaafu, mama mfupi asiyeachana na rula. Sisi tunamwita Mama Rula. Nikamweleza shida yangu: anisomee ukurasa wa stesheni tu, dakika tano, niende zangu. Akasema yeye hasomei watu barua zao. Nikitaka nitajifunza, na nitaanza ukurasa wa kwanza. Kitabu akakitia kwenye droo yake, akawa ananipa ukurasa mmojammoja kama dawa.

Miezi minane, kila Jumamosi asubuhi. Do, re, mi, fa, sol, la, si. Wengine ile ya mwisho huiita "ti", ila kwa Mama Rula ukisema "ti" unaona mkono unaelekea kwenye rula. Kazini nikawa kituko. Nageuza friji ya mteja, naiona ile mirija ya nyuma, badala ya kutafuta inapovuja naanza kuhesabu mistari. Mistari mitano, na nota inayokaa kwenye mstari wa katikati ni "si". Hiyo hata ungeniamsha usingizini ningekutajia.

Nikanunua na kinanda cha mitumba. Baba alikiruhusu kwa sharti moja, nivae hedifoni.

Hatimaye ukafika ukurasa wa stesheni. Mama Rula akanipa nikaufanyie mazoezi nyumbani, nikaondoka nao mbio utadhani nimeuiba.

Nilipoutandaza mezani nikakuta mstari mmoja mnene, mweusi, umelala katikati kabisa. Juu yake namba 32. Juu ya namba, neno la kigeni.

Nikapiga hesabu zangu za kifundi. Umelala mstari wa katikati, kwa hiyo ni "si". Thelathini na mbili ndiyo hesabu ya vipimo, vile vijichumba vya muziki. Neno la kigeni ni jina la wimbo, hilo halina ubishi. Nikachomoa hedifoni, maana siku kubwa haisikilizwi kwa siri. Nikaibonyeza "si", nikaishikilia, nikausubiri wimbo uanze.

Ndipo akatoka baba na ndoo.

Jumamosi nikampigia Mama Rula "si" yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ualimu una moyo kwa kweli.

"Mwanangu," akasema, "hiyo si 'si'."

"Si 'si'?"

"Si 'si'. Ni pumziko. Na hilo neno juu yake linasema wote wanyamaze. Vipimo thelathini na mbili, hakuna anayepiga chochote."

Nikamwambia kitabu kimekosewa. Akasema kitabu kiko sawa, mtunzi alipataka pale pawe kimya. Nikamwambia wimbo nimeusikia kwa masikio yangu haya mawili. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuupenda hata kidogo, kama nina hakika.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Miezi minane, jamani! Nimejifunza kusoma ili nisome kwamba hakuna cha kusoma. Hiyo ningeimeza. Kilichoniuma ni kingine: kama wimbo haukuwemo kwenye filamu, basi niliutunga mwenyewe. Na kama niliutunga wimbo, labda hata mama na pasi yake niliwatunga.

Nilimkuta baba sebuleni anapiga pasi shati. Nikamwaga yote palepale mlangoni. Nikamwambia alikuwa sahihi, muziki ni kelele, na ule wimbo nilioufuga miaka yote hii haupo duniani.

"Wimbo upi?" akauliza.

Nikamwimbia mwanzo. Nikafika kwenye shimo, nikanyamaza. Nikamwambia hapo ndipo nilipopoteza.

Baba akaiacha pasi palepale ilipokuwa. Akakaza midomo, akapiga mluzi. Sehemu ya mwisho yote, bila kukosea.

Tangu mama azikwe sijawahi kumsikia baba yangu hata akiguna kwa sauti ya wimbo. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Huo si wa filamu," akasema. "Mama yako alikuwa anauimba akipiga pasi. Ila na yeye si wake. Ni wangu."

Mniwie radhi, hapa nisimulie haraka kabla sijalia tena. Ujanani baba alikuwa msoma mita za maji, anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Nyumba nyingine mita alizisoma mara moja kwa mwezi. Ya kwao mama aliisoma mara nne, mpaka babu akaanza kuhofia kwamba bomba linavuja. Na kila akipita chini ya dirisha la mama alipiga mluzi, wimbo alioutunga mwenyewe, yule yule mzee wa kelele za watu wasio na kazi.

Kwa hiyo siku ile filamu ilinyamaza, na mama nyuma yangu akaendelea kuimba. Basi, ni hivyo tu.

Nikamwomba anipigie katikati, pale nilipopasahau.

"Katikati hamna kitu," akasema. "Hapo nilikuwa nanyamaza nisikie kama dirisha linafunguka."

"Likifunguka?"

"Ndipo namalizia."

Na mama, miaka yote ya pasi, aliimba akiiacha nafasi ileile. Sikuwa nimesahau chochote.

Nililia, na siombi radhi. Baba naye aligeukia shati lake ili asinitazame, akakuta mgongo wa shati unafuka moshi. Safari hii ndoo ilikuwa na kazi.

Tulipomaliza kuzima nikachukua penseli, nikachora mistari mitano, nikauandika wimbo wote. Kwenye lile shimo nikachora pumziko. Nikamuuliza baba niweke vipimo vingapi.

Akafikiri. "Inategemea. Kuna siku alinichelewesha makusudi."

Nikaiweka ile alama ya juu inayosema subiri, urefu utaujua mwenyewe. Mama Rula aliikagua karatasi na rula yake haikugusa kitu.

Sasa funzo, maana najua kuna watakaouliza. Nusu ya friji ninazoitiwa hazina ubovu wowote, zimechomolewa tu. Kabla hujasema kitu kimeharibika, muulize kwanza aliyekuwepo.

Na wewe muuza CD wa kona, kama unasoma hapa: zilikuwa nzima zote tatu. Nakuja kesho kukuomba msamaha mbele ya wateja wako. Nikikuta umefunga dirisha, nitapiga mluzi.