Macawis Mdomoni mwa Bomba la Hewa

Sasa nacheka, lakini siku ile kwenye barabara ya Wajir nilitamani mchanga unimeze pamoja na spana zangu, na hadi leo nikimwona dereva yeyote wa msafara ule sokoni Garissa navuka upande wa pili.

Ilikuwa miaka ya tisini, magari yakienda kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi, na aliyeachwa nyuma aliachwa kweli. Lori la dizeli la Abdi, dereva niliyesafiri naye kama fundi wake, nilikuwa nimelifungia mwenyewe tabo kubwa ya kusukuma hewa kwenye injini na bomba refu la kuvutia hewa, mdomo wake juu ya kebini. Asubuhi nilipoona vumbi la waliotangulia nikapata akili (niliiita akili): nikaikunja macawis yangu, ile nguo ya kujifunga kiunoni, nikaufunika mdomo wa bomba kuzuia vumbi, kisha nikaisahau kabisa.

Tulipopita Modogashe lori likaanza kuchoka, Abdi anakanyaga mafuta mpaka mwisho, moshi mweusi tele, mwendo hakuna, na taa ya injini ikawaka. Tukasimama, na msafara wote ukasimama. Mimi (nimetoka kozi Nairobi juzi, kitabu cha namba za hitilafu kwapani) nikaunganisha waya chini ya dashibodi, taa ikaanza kupepesa, nikahesabu kwa sauti ili watu wasikie: tatu, kimya, moja. Kitabuni, thelathini na moja ni sensa ya hewa, kipimio cha hewa inayoingia kwenye injini!

"Sensa inadanganya," nikatangaza, nikaichomoa. Abdi akajaribu kuondoka. Lori likazidi kuwa bovu, na taa ikatoa namba mbili mpya.

Koplo wa polisi akaja, bunduki begani. "Fundi, dakika kumi. Zikiisha tunaondoka, na lori lako utalilinda mwenyewe."

Juu ya magunia ya sukari walikaa akina mama na watoto. Nikaacha kuhesabu taa, nikaanza kuwahesabu wao. Kumi na watatu.

"Walaal, ndugu yangu, si ulisema gari hii inajua kusema ugonjwa yake?" Abdi akaniuliza. "Imesema nini?"

"Imesema sensa ya hewa."

"Na wewe ukaing'oa ulimi!"

Hapo Eeddo Khadija, mama mmoja mzee tuliyemwita eeddo, yaani shangazi, akapiga kelele kutoka juu ya magunia: "Wewe fundi! Hii bomba iko na nguo ndani! Gari nafuta bumzi wapi?" Akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka ngumu kwa vumbi, akaiinua madereva wote waione. "Ya nani hii?"

Abdi aliitazama mistari yake ya kijani. "Wallahi, ya fundi! Jana amekunywa chai nayo kiunoni!"

Walicheka wote isipokuwa koplo, aliyekuwa akitazama saa yake. "Mbili zimebaki."

Nikairudisha sensa, skrubu ikaanguka, nikaifukua mchangani kwa kucha, nikaikaza, Abdi akawasha, na lori likaruka kama limefunguliwa kamba, polisi tayari wameshaanza kuondoka.

"Shika nguo yako, adeer," Eeddo akanirushia, akiniita ami kwa Kisomali. "Funga wewe, gari hapana."

Sensa ilisema kweli tangu mwanzo, nami nikaiita mwongo mbele ya msafara mzima. Tangu siku hiyo gari likiniambia halina hewa naliamini kwanza, halafu namtafuta aliyelikaba koo, na upekuzi naanzia kwangu.