Mtani aliyehamia ng'ambo ya barabara

Saa kumi na mbili asubuhi, Mbagala Rangi Tatu. Mwinshehe Pazi anabana magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, moja baada ya jingine, bila haraka. Kurasa za mbele zote zinatazama Barabara ya Kilwa, na zote zina sura za watu wawili walewale.

Wawili hao ndio wanaoutaka urais. Hapa hakuna anayewaita kwa majina yao. Mmoja ni Injinia. Mwingine, kwa kuwa aliwahi kuwa ofisa kilimo, ni Bwana Shamba.

Hajamaliza kubana gazeti la mwisho, watu wamekwisha kujaa. Wananyoosha shingo, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari na kuondoka. Mwinshehe anawaita wapiga chabo, wala hawaonei kinyongo. "Akinunua mmoja, ujue wameshasoma ishirini," anasema. Zamani alikuwa akiuza nakala mia na ishirini kwa siku. Leo amechukua arobaini, na zikitoka ishirini na tano atamshukuru Mungu. Kila nakala inamwachia shilingi mia mbili.

Ubishi hauchelewi.

"Injinia atajenga mitaro. Au nyie mafuriko ya masika mmeshayasahau?" anauliza dereva wa bodaboda, helmeti ikiwa bado kichwani.

"Mtaro unaliwa?" anadakia mwenzake. "Bei ya unga unaiona? Bwana Shamba ndiye anayejua unga unatoka wapi."

"Anajua unatoka wapi, hajui unafikaje Mbagala!"

Watu wanacheka. Dereva anamgeukia mwenye magazeti. "Mzee wangu, wewe unasemaje?"

"Mie nauza magazeti," anajibu Mwinshehe, akiinama kunyoosha gazeti ambalo halina hata mkunjo.

Wanaomfahamu wanajua kwamba huyo siye. Kwa miaka mingi Mwinshehe ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote hapa, na watu walichelewa kazini kwa sababu yake. Siku hizi hafungui mdomo. Ukitaka kujua kwa nini, tazama chini ya mwavuli wake mkubwa. Nusu ya kivuli ni ya magazeti, na nusu ya pili ina kigoda kitupu cha mbao. Wameshakuja watu watatu kuomba wakae hapo wafanye biashara, na wote amewakatalia.

Kigoda hicho ni cha Petro Maganga, fundi viatu.

Mwinshehe ana miaka sitini na mitatu. Ni Mzaramo, mzaliwa wa Pugu. Petro ni Mnyamwezi wa Urambo, miaka hamsini na mitano. Alifika hapa miaka kumi na miwili iliyopita akiwa na sanduku la vifaa begani, akaomba kivuli. Mwinshehe alimuuliza kabila lake, na aliposikia ni Mnyamwezi hakuuliza tena jina.

"Nikamwambia, basi mpagazi, tua mzigo, umefika pwani," anakumbuka, akiwatania Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara ya zamani.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Petro alikuwa akisema Wazaramo wameuza mashamba yote ya Pugu ili wacheze ngoma. Mwinshehe alikuwa akimwambia hapa si kwao, afunge mzigo arudi Tabora. Wakicheka, wakila pamoja, kesho wakianza upya.

Hata siasa ziliingia humohumo kwenye utani. Uchaguzi uliopita walipanga foleni moja, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na mgombea wake.

"Tulijua kura zetu zinafutana," anasema Mwinshehe. "Bora tungebaki tumelala. Tukaenda hivyohivyo, tunatukanana hadi mlangoni, mpaka msimamizi akatutisha."

Mwaka huu mambo yakaharibika. Mvua za masika ziliingia nyumbani kwa Mwinshehe usiku kucha, zikaondoka na godoro na kuiua cherehani ya mkewe, Mwanaasha. Alama ya maji bado iko ukutani, usawa wa kiuno. Kwa hiyo Injinia alipokuja kuhutubia na kuahidi mitaro, Mwinshehe alirudi amekwisha kuamua. Petro naye ana ndugu zake Urambo wanaolima tumbaku na kuuza kwa bei ya kutupa, na aliyekuwa akimsikiliza ni Bwana Shamba.

Asubuhi moja, mbele ya wapiga chabo, Petro akatania kama kawaida yake: "Nyie Wazaramo mkijengewa mtaro si mtauuza, mkacheze ngoma?"

Mwinshehe akamjibu, "Hapa si kwenu. Nenda Tabora ukamchague huyo Bwana Shamba wako."

"Maneno hayo nilikuwaga namwambia kila siku," anasema sasa, sauti ikishuka. "Maneno yaleyale. Ila siku ile sikucheka. Akaniangalia usoni, akaona."

Pengine hata hapo yangepona. Lakini mashabiki wa Injinia, kama kumi hivi, wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti: "Waambie, mzee, waende kwao!"

Mwinshehe angeweza kumnyamazisha. Hakumnyamazisha.

"Nikuambie ukweli?" anasema. "Makofi yale yalinipendeza."

Petro alirudisha msharasi, gundi na brashi ndani ya sanduku, akalibeba. Adelina, muuza vitumbua wa jirani, aliyaona yote. "Alivuka barabara hata magari haangalii," anasema. "Nikamwita, kaka Petro, kaka Petro! Hakugeuka. Mie nilijua kesho atarudi, hawa si ndo zao? Mpaka leo."

Alitua upande wa pili, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Kutoka kwenye magazeti unamwona vizuri, ameinamia kiatu. Wanaonana kutwa nzima.

Wiki tano baadaye, kampeni zikiwa zimepamba moto, Mwanaasha alianguka kwa presha. Siku ya tatu akafariki.

Miaka tisa iliyopita, Mwinshehe alipomzika mama yake, Petro, kama ilivyo desturi ya watani msibani, alijifunga khanga ya marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea, kisha akalala chali njiani na kuapa kwamba jeneza halipiti mpaka Wazaramo wamlipe soda. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Mwinshehe anasema hajui angelivukaje siku ile bila kichekesho kile.

Safari hii alimsubiri. Jeneza lilipotolewa, aliangaza macho njiani akimtafuta mtu aliyelala chali. Njia ilikuwa nyeupe.

Lakini Petro alikuja. Alisimama na majirani wengine, akatupa udongo kaburini kama wengine. Kisha akamfuata mfiwa, akampa mkono.

"Akaniambia, 'Pole sana, Mzee Mwinshehe. Mungu akutie nguvu.'" Anafuta macho kwa kiganja, haoni haya. "Miaka kumi na miwili hajawahi kuniita mzee. Alinipa pole kama mtu baki. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimebaki peke yangu, mke sina, mtani sina."

Ng'ambo ya barabara, Petro anampokea mwandishi kwa upole na hasimamishi kazi. "Sina ugomvi na yule mzee," anasema, akivuta uzi kwa meno. "Andika hivyo. Mzee wa watu, namheshimu sana." Akiulizwa kama anakumbuka ile asubuhi, anageuza kiatu na kuanza upande wa pili. "Alisema hapa si kwetu. Nami watoto wangu wote wamezaliwa hapa Mbagala. Basi, yamepita."

Mwinshehe amekwisha kuvuka mara mbili kwenda kuomba radhi. "Nikifika ananitolea kiti. 'Karibu ukae, mzee.' Sasa mtu kama huyo unamwambia nini? Nakaa dakika mbili, narudi."

Uchaguzi umebaki siku kumi na moja. Majina ya Mwinshehe na Petro yamebandikwa kwenye ukuta mmoja wa shule ya msingi, kituo kilekile cha safari iliyopita. Mwinshehe bado atamchagua Injinia, kwa sababu maji hayajui utani, na Petro, anavyomjua, hatambadilisha Bwana Shamba. Kura zao zitafutana tena. Hilo halimsumbui.

"Siku hiyo sifungui biashara," anasema. "Nitamsubiri getini. Akiingia, napanga nyuma yake. Nitamwambia, mpagazi, sogea, unaziba njia ya wenye mji."

Na Petro akimjibu kwa adabu?

Mwinshehe anatazama ng'ambo. Kwenye kamba, magazeti kumi na matano hayajauzwa, na wapiga chabo wamekwisha kwenda zao.

"Akiniita mzee, nitapiga kura yangu nirudi nyumbani, sina la kufanya," anasema. "Lakini akinitukana, mwanangu, akinitukana pale mbele za watu, nitajua amenisamehe."